Si Nimenawa?

Hotuba iliyotolewa mjini Mombasa katika maadhimisho ya Siku ya Afya ya Akili Duniani, ikaandikwa baadaye kwa ajili ya wasomaji.

Mwenyekiti, masheikh na wachungaji wetu, madaktari na wauguzi mliofika, kina mama wa mtaa, na nyinyi vijana mliosimama pale nyuma kwa kukosa viti: assalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Nimepewa nusu saa. Mimi si daktari. Ni fundi cherehani. Nashona madera na sare za shule, na mwaka 2020 nilishona barakoa mpaka nikaziota usingizini. Kilichonileta mbele yenu ni jambo jingine. Nina ugonjwa wa wasiwasi, ule ambao madaktari wanauita OCD, na nimeishi nao tangu nikiwa na miaka kumi na minne. Mwenyekiti aliponialika aliniambia, kwa nia njema kabisa, "Dada, njoo utueleze jinsi nyinyi mlivyokuwa tayari korona ilipoingia. Si nyinyi ndio wataalamu wa usafi?" Nikacheka, nikakubali. Lakini swali lake nimetembea nalo wiki mbili, maana kuna wakati mimi mwenyewe niliamini hivyo hivyo.

Tarehe 13 Machi 2020 ilikuwa Ijumaa. Waziri wa Afya alitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya, nami nilikuwa dukani natia vifungo shati la mtoto wa watu. Redio ikasema tunawe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, tusipeane mikono, tusiguse uso. Nikaiacha sindano. Msinicheke: sikuogopa. Nilijiona kama mtu aliyeitwa mwendawazimu miaka ishirini, halafu siku moja serikali nzima ikasimama mbele ya kamera ikasema huyu ndiye aliyekuwa na haki.

Wiki ile mambo yangu yote ya ajabu yaligeuka kuwa sheria za nchi. Mimi niliyekuwa nikipokea noti kwa ncha za vidole, sasa nasikia watu wanahimizwa wasishike pesa mkononi. Mwezi uleule Safaricom iliondoa ada ya kutumiana M-Pesa kwa kiasi kisichozidi shilingi 1,000. Mimi niliyekuwa nasalimia watu kwa kuweka mkono kifuani, sasa hata wanasiasa wanagonganisha viwiko. Khalati yangu, ambaye hakuna harusi aliyoniacha bila kunisema kwa sababu simpi mtu mkono, alinipigia simu kuniuliza kitakasa mikono kipi kina nguvu. Nikamweleza kwa dakika arubaini. Sikumbuki kama kuna siku nyingine khalati alinisikiliza dakika arubaini.

Vijana wa mtaa walipoweka mtungi wa kunawia mdomoni mwa kichochoro chetu pale Mji wa Kale, msimamizi wakanichagua mimi. Mtungi wa buluu wenye mfereji wa plastiki, juu ya kiti kilichovunjika egemeo, na kipande cha sabuni kimetiwa ndani ya soksi na kuning'inizwa kwa kamba kisiibwe. Nikasimama pale kila asubuhi kama askari wa forodha. Viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, kidole gumba, kucha. Watu wakanisikiliza. Wengine wakaniita daktari kwa utani, nami, Mungu anisamehe, utani ule niliupokea kama cheti.

Lakini kabla sijaendelea na mtungi, tuelewane kwanza kuhusu jina la ugonjwa wenyewe. Nikiwa Tanga kwa wajomba zangu nikasema nina OCD, watu wanageuka kutazama mlangoni, maana kwa Watanzania OCD ni mkuu wa polisi wa wilaya. Mjomba wangu mmoja aliniuliza nimefanya kosa gani. Mimi napenda neno letu la zamani, wasiwasi. Limetoka kwenye Kiarabu, na huko asili yake ni mnong'ono. Waliosoma chuo cha Kurani wanalijua kutoka Suratun-Nas, pale tunapoomba kinga na shari ya mwenye kutia wasiwasi kisha akarejea nyuma. Sijapata kusikia maelezo ya ugonjwa huu yanayoyashinda yale. Hauji kwa kishindo. Unanong'ona, unarudi nyuma, unakungoja umalize kunawa, kisha unanong'ona tena: je, ule upande wa ndani wa kidole gumba?

Taabu ni kwamba lugha ileile inausifu. Nyanya yangu, Mungu amrehemu, kila akiniona nimerudi kuangalia mlango alikuwa akisema, "Mwache, wasiwasi ndio akili." Kwa mtu mzima wa afya methali ile ina kazi yake. Kwangu mimi ilikuwa kama kumkabidhi mlevi ufunguo wa baa.

Sasa madaktari watanisahihisha nikikosea, lakini mimi naueleza hivi. Ugonjwa una miguu miwili. Wa kwanza ni wazo linaloingia bila hodi na kukataa kutoka, hata ulichukie vipi. Wa pili ni kitendo unachokifanya ili wazo linyamaze: kunawa, kuhesabu, kurudia dua, kuangalia kufuli. Kitendo kinaleta nafuu ya dakika chache, na hiyo nafuu ndiyo mtego, kwa sababu akili inajifunzia pale: ahaa, nimesalimika kwa kuwa nilinawa. Kesho inataka unawe mara mbili.

Mtaona sijasema neno usafi. Wengi wetu hawana habari nalo kabisa. Namfahamu kijana mmoja ambaye wasiwasi wake ni mtungi wa gesi: anashuka ngazi, anapanda, anashuka, anapanda, mpaka kazini wamemzoea kwa kuchelewa. Korona yote ile ilimpita hivi. Barakoa ilibidi akumbushwe. Kuna mwingine anayeswali rakaa nne zikawa kumi na mbili kwa kutoamini hesabu yake. Kuna mama anayeogopa kushika kisu mtoto wake akiwa karibu, na hajawahi kumuumiza hata sisimizi. Hao wote ni wenzangu, na hakuna hata mmoja ambaye ungemwita akufundishie watu kunawa.

Na sisi wa uchafu wenyewe, njooni muone utaalamu wetu. Namjua mwanamke mwenye hofu ya uchafu kupindukia, na choo chake hakikuguswa kwa brashi miezi mingapi, kwa kuwa kukisugua ni kukikaribia. Mimi nilikuwa nafungua milango kwa ncha ya leso, halafu jasho likinitoka najipangusa uso kwa leso ileile. Fikirini. Mkono wangu wa kulia ulikuwa msafi kuliko wa kushoto hata nikiinawa pamoja. Kiti cha dirishani kilikuwa salama, cha mlangoni hapana. Sarafu ya shilingi kumi ilikuwa mbaya kuliko ya ishirini, na msiniulize kwa nini, maana sikuwahi kupata jibu. Vijidudu havikuwa na nafasi kwenye sheria zangu. Sheria zilikuwa zangu peke yangu, na mwenye kuzitunga alikuwa mkali.

Nataka nikae kidogo kwenye maji, kwa sababu watu wakielezwa ugonjwa huu huwa wanaonyeshwa sinki nyeupe na mfereji usiokauka. Sisi ni watu wa Mombasa. Mifereji yetu ina siku zake, na siku zilizobaki tunanunua kwa wenye mikokoteni. Wakati nilipokuwa nimezidiwa kabisa, miaka kadhaa kabla ya korona, mtungi wa lita 20 mtaani kwetu ulikuwa shilingi 30, na udhu mmoja ulinimalizia mtungi. Udhu mmoja. Zidisheni mara tano kwa siku, zidisheni kwa mwezi: shilingi 4,500, bila kupika, bila kufua, bila mtu mwingine kukoga. Mume wangu hakunigombeza hata siku moja juu ya ugonjwa. Alinigombeza juu ya mitungi, na alikuwa na haki.

Mwishowe nikaenda kwa sheikh mmoja mzee. Nilikwenda, nawaambia kweli, nikitarajia kusifiwa: mwanamke gani mwingine anaihifadhi twahara kama mimi? Akanisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza natumia maji kiasi gani, nikamwambia. Akanyamaza. Kisha akamtuma mwanawe jikoni akalete kibaba, hiki hiki cha kupimia mchele. Akakijaza maji akakiweka mkekani mbele yangu. Akaniambia Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa mudd moja, nayo ndiyo kibaba hiki. Na alikuwa akikoga kwa pishi moja, yaani vibaba vinne, mpaka vibaba vitano. Kibaba hakifiki lita moja. Nikakitazama. Akasema, "Mwanangu, hebu niambie, wewe umemshinda Mtume kwa usafi?"

Akaniongezea na kanuni ambayo kila aliyesoma fiqhi, elimu ya sheria za dini, anaijua, kwamba yakini haiondolewi na shaka. Ukishatawadha umetawadha, na atakayekuja kusema udhu umevunjika alete ushahidi. Haya si mambo mapya. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika juu ya afya ya mwili na afya ya nafsi katika kitabu kimoja, na wasiwasi akaupa sura yake peke yake, mbali na hasira, hofu na huzuni. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita mtu alishaona kwamba hii ni maradhi yenye umbo lake, na mimi nilikuwa nadhani ni uchamungu wangu.

Nilipona siku ile? Wapi. Kujua hukumu ni jambo moja na mkono kutii ni jambo jingine. Nilichotoka nacho kwa sheikh ni kipimo, na baadaye, nilipofika kwa mtaalamu wa akili, kipimo kile kilinifaa. Kwanza lakini nilizungushwa. Kliniki moja ilinitibu mikono kwa miaka miwili ikiniambia ni mzio wa sabuni. Nikapewa mafuta ya kupaka, nikabadilishiwa sabuni, na hakuna aliyeniuliza nanawa mara ngapi. Mtu akikuonea haya kukuuliza, na wewe ukaona haya kusema, mnaweza kupakana mafuta mpaka kiama.

Kwa hiyo korona ilinikuta njiani. Nilikuwa na miaka miwili ya matibabu na dawa, nimeteremka kutoka mtungi mzima mpaka makopo matatu, nikijivunia. Halafu ikaja ile Ijumaa, na redio, na mtungi wa buluu.

Tarehe 6 Mei, tuko katikati ya Ramadhani, serikali ikaufunga Mji wa Kale, pamoja na Eastleigh kule Nairobi: haingii mtu, hatoki mtu. Misikiti ilikuwa imefungwa tayari, na usiku kafyu. Mimi niko ndani, na ndani hakuna wa kunizuia. Nikaanza kutia jiki kwenye maji ya kunawia. Nikaosha mchicha kwa sabuni ya unga. Nikaosha noti, nikazianika kambani kwa vibanio, Kenyatta wamepangana kama nguo za ndani. Mume wangu akatazama, akasema tu, "Haya, angalau pesa tunaziona." Wiki ya tatu vifundo vya vidole vyangu vilikuwa vimepasuka, kitakasa mikono kikinigusa naruka kama niliyeumwa na nge. Ngozi ndiyo ukuta ambao Mungu ametupa dhidi ya vijidudu, na bingwa wa usafi wa mtaa alikuwa ameutoboa mwenyewe mahali kumi.

Kuna kitu kilikuwa kimetokea pale mtungini kabla hatujafungiwa, na nikiwa ndani nilikuwa nikikikumbuka kila siku. Alikuja mtoto wa jirani, wa miaka minane hivi, mbio, ameshika kishada. Akakiegemeza ukutani, akanawa kama nilivyomfundisha: viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, akihesabu kwa sauti moja mpaka ishirini, na kumi na saba akairuka. Akajipangusa kwenye kaptura. Akachukua kishada chake. Mimi nikamwita, na swali halikuwa la kumjaribu, nilikuwa nataka kujua kweli:

"Wewe, umejuaje kama imetosha?"

Akanitazama kama anayejiuliza huyu anti ana nini leo. "Si nimenawa?" akasema, akakimbia zake.

Nikabaki nimeshika soksi ya sabuni. Mwanafunzi wangu wa wiki mbili alikuwa amenishinda katika somo langu. Hatua zote nilizijua kuliko yeye, lakini somo lina hatua ya mwisho, ile ya kufunga mfereji na kwenda kurusha kishada, na hiyo sikuwahi kuijua. Sekunde 20 walizotutangazia zilikuwa na mwisho ndani yake. Watu wote waliisikia ile ishirini kama amri ya kuanza kunawa; wenye ugonjwa wangu tungepaswa kuisikia kama amri ya kuacha.

Na bado sijawafikisha kwenye aibu yenyewe.

Baada ya Mji wa Kale kufunguliwa tulifiwa na jirani. Nikaenda matangani. Chumba cha futi kumi kwa kumi na mbili, wanawake kumi na watano, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mvua, tunasoma Yasini, tunalia. Barakoa yangu, niliyoishona kwa mkono wangu, tabaka tatu, ilikuwa kidevuni. Na nilikuwa na amani ambayo sijawahi kuwa nayo katika msiba. Kwa nini? Kwa sababu sikugusa kitu. Chai nilikataa. Kiti nilitandika leso. Chupa ya kitakasa ilikuwa mkobani. Kwa hesabu zangu mimi, mle ndani hapakuwa na mtu salama kama mimi.

Siku nne baadaye nilikuwa bafuni natia jiki kwenye ndoo. Nikaona leo imekuwa dhaifu, hainuki. Nikaongeza. Nikaongeza tena. Mume wangu akafungua mlango macho yanamtiririka machozi, anakohoa, anapiga kelele, "Unataka kutuua?" na mimi namshangaa, kwa kuwa sinusi chochote. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba nimepata korona.

Mnacheka, na mimi leo nacheka. Lakini angalieni kilichotokea. Virusi vile vinasafiri zaidi hewani, kwenye pumzi za watu waliokaa pamoja mahali pasipo upepo. Aprili 2021 taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, iliandika kwamba uwezekano wa kuambukizwa kwa kugusa kitu chenye virusi kwa kawaida ni chini ya 1 kati ya 10,000. Mimi nilikuwa nimelinda vitasa vya milango, noti, vikombe na mchicha. Pumzi sikuilinda, maana wasiwasi wangu haukuwahi kuniambia habari za pumzi. Ulikuwa na orodha yake tangu nina miaka kumi na minne, na korona ilipokuja haukuibadilisha orodha. Uliniambia tu kwamba sasa serikali imeitia sahihi.

Msinielewe vibaya, hasa maafisa wa afya mliokaa pale mbele, msije mkanipokonya kipaza sauti. Kunawa kuna kazi yake kubwa. Kipindupindu tunakijua hapa Pwani, kuhara kwa watoto tunakujua. Naweni. Nasema habari za nani awe mwalimu.

Nilipougua nilimpigia simu mtaalamu wangu. Aliniambia jambo ambalo mwaka ule wagonjwa wengi kama mimi duniani waliambiwa: fuata agizo la Wizara neno kwa neno, na usiongeze hata nukta. Ukirudi kutoka nje, kabla ya kula, baada ya choo, baada ya kukohoa au kupenga kamasi: sekunde 20, basi. Ukifikisha 21 umevunja agizo. Nilipenda alivyolipanga, kwa sababu alinigeuzia ukaidi wangu. Mimi ni mtu wa sheria. Haya, sheria ndiyo hii, na ina ukomo.

Tiba yenyewe haina siri. Mwaka 1966 mtaalamu aliyeitwa Victor Meyer, huko London, alichapisha habari za wagonjwa wawili ambao aliwaweka karibu na vitu walivyoviogopa, huku wauguzi wakiwazuia wasifanye vile vitendo vyao. Mmoja wao alifungiwa hata maji ya chumbani. Nilipoelezwa nikasema basi Mombasa nzima tunatibiwa. Lakini kuna tofauti: mfereji ukikauka wenyewe, wasiwasi unanunua maji kwa mkokoteni. Tiba ni wewe mwenyewe, na mtu wa kukushika mkono, kushika kile kitasa, kisha kukaa. Usinawe. Kaa na ule mnong'ono mpaka uchoke wenyewe. Mara ya kwanza nilikaa kwenye kiti cha mlangoni dakika hamsini, natokwa na jasho kama nimebeba magunia. Mara ya kumi nikasinzia. Dawa nazo zipo, na kwa wengi zinasaidia, ila zinakwenda polepole. Wakati mwingine wiki kumi na mbili kabla hujaona tofauti, na wengi huziacha wiki ya tatu wakisema hazifanyi kazi.

Wenzangu hawakuipita korona kwa njia moja. Mmoja aliniambia ile miezi ndiyo ilikuwa mitulivu kuliko yote maishani mwake: hakuna mgeni, hakuna matatu, hakuna wa kumuuliza kwa nini umevaa glavu. Taabu yake ilianza nchi ilipofunguliwa. Mwingine alizidiwa kabisa na mpaka leo hajarudi alikokuwa. Na kuna walioingia kwenye ugonjwa mwaka ule, waliokuwa wazima. Hao ndio hasa waliofanya nikubali kuja leo.

Kwa sababu nadhani mko humu, wazazi ambao mwaka 2020 mlimfundisha mtoto kunawa, mkafurahi amefundishika, na sasa hajaacha. Anakaa bafuni saa nzima. Vidole vimekauka na kupasuka. Anachelewa shule. Daftari lililoanguka chini halirudi mkobani. Mnasema ni msafi huyu, atakuwa daktari. Muulizeni hivi: mwanangu, ukinawa unajisikiaje ukimaliza? Akiwaambia simalizi, mpelekeni akaonwe. Hospitali ya Port Reitz hapa Mombasa wapo watu wa kazi hiyo, na najua mtaani ukitaja Port Reitz mtu anakutazama juu mpaka chini. Watazame. Mimi walinitazama, na jicho lao halikunitoboa.

Na nyinyi mnaoishi na watu kama sisi, mnisikilize kwa hili moja. Kuna siku nilimuuliza mume wangu, "Mikono yangu ni misafi?" mara thelathini kwa jioni moja. Akanijibu ndiyo mara thelathini, kwa mapenzi matupu. Kila ndiyo ilikaa kama barafu juani. Haijafika mdomoni imeyeyuka, nataka nyingine. Hakujua kwamba alikuwa ananiletea maji kwa mkokoteni. Tukafundishwa wote wawili. Siku hizi nikimuuliza hanijibu. Anasema, "Hilo umeshaniuliza," halafu anauliza kama nataka kahawa. Miezi ya kwanza nilimchukia kwa kahawa ile. Sasa nainywa.

Mwenyekiti, naona unatazama saa, nami nimemaliza. Pale mlangoni nimekuta mtungi na sabuni, ahsanteni waandalizi. Nimenawa nilipoingia. Nikahesabu ishirini, nikafunga mfereji, nikaja kukaa. Kipaza sauti hiki kimeshikwa na watu sita kabla yangu, nimewahesabu, na yule wa nne alikuwa anakohoa. Haya, nani ana swali? Njoo ukipokee.